Nyumba Ipambwe, Lakini Isimhadae Mpangaji

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo imekaririwa mno madarasani hata masikio yetu yameizoea na hayaisikii tena. Lakini mtu aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga yenye samani zake, iwe ni mjini Mombasa au jijini Nairobi, akalipa kodi na amana, kisha akaingia kulala usiku wa kwanza, huyo huisikia upya. Sebule aliyoiona Jumamosi ikiwa na zulia zito na mito ya rangi za kupendeza, Jumatatu huikuta na makochi mawili yaliyolegea chemchemi. Bomba lililokuwa likimeremeta jikoni hulifungua, likakohoa, likatema hewa, kisha likanyamaza.

Safu hii leo imekusudia kuuzungumzia ufundi huu wa kuzipamba nyumba ili zipate wapangaji. Huenda msomaji akaona kwamba ni jambo dogo mbele ya masaibu mengine ya taifa. Hata hivyo, tukumbuke kuwa mpangaji huweka mezani akiba ya miezi kadhaa kwa siku moja, tena kwa kutegemea macho yake tu na maneno ya mtu asiyemjua. Akikosea hapo, hana pa kukimbilia hadi akusanye akiba nyingine.

Mtindo wenyewe umeenea kwa kasi. Katika mitaa ya Kilimani, Kileleshwa na Westlands, maghorofa yamechipuka kama uyoga, na ndani yake mna vyumba vingi ambavyo hukodishwa pamoja na vitanda, meza na majiko. Huku Pwani, hali ni hiyo hiyo kutoka Nyali na Bamburi hadi Diani. Wanaozitafuta nyumba hizi si watalii peke yao. Wamo wafanyakazi wa mikataba, watumishi waliohamishwa ghafla, wanafunzi wa vyuo waliotoka mbali, na jamaa zetu wanaorudi kutoka Ughaibuni kwa miezi miwili mitatu ambao hawaoni maana ya kununua kitanda watakachokiacha. Nao wenye nyumba, aghalabu, ni Wakenya walio ng'ambo ambao wamejenga kwa jasho lao na kumwachia ndugu au dalali ufunguo. Kwa hivyo mara nyingi anayepamba si anayemiliki, anayemiliki hajawahi kulala humo, na anayelala humo hakushauriwa lolote.

Isidhaniwe kwamba ninaupinga urembo. Katika mwambao huu, kuipamba nyumba kwa ajili ya jicho la mgeni ni desturi ya kale kuliko saruji. Aliyeingia katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, ameziona zile zidaka zilizochongwa kwa chokaa ukutani, safu juu ya safu, ambamo wenyewe walipanga sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka China. Palikuwa na viti vya enzi ambavyo havikuwekwa kwa ajili ya kupumzisha mgongo, na vitanda vya samadari vilivyonakshiwa hadi miguuni. Hayo yote yalikuwa maonyesho, na kila mtu alijua ni maonyesho. Tofauti ni kwamba aliyeyaonyesha ndiye aliyeishi humo. Bakuli ya kidakani haikuazimwa kwa siku moja ili posa ikubaliwe, kisha ikarudishwa dukani.

Huko Marekani, kazi hii ya kupamba nyumba ili ipate mnunuzi imegeuzwa taaluma kamili, na mwanamke mmoja wa jimbo la Washington, Barb Schwarz, hutajwa kuwa ndiye aliyeianzisha mwaka wa 1972. Ikatoka katika kuuza ikaingia katika kukodisha. Waanzilishi wa kampuni ya Airbnb, iliyozaliwa San Francisco mwaka wa 2008, wamesimulia wenyewe jinsi mwaka uliofuata walivyogundua kwamba nyumba zao za New York hazikupata wageni kwa sababu picha zake zilikuwa mbovu. Wakaenda mlango kwa mlango na kamera ya kukodi, wakapiga picha nzuri zaidi, na mapato ya wiki yakapanda kutoka dola 200 hadi 400. Nyumba zilikuwa zile zile, kilichobadilika kilikuwa picha. Funzo hilo limefika kwetu likiwa zima, na kila dalali sasa ana simu yenye jicho pana linaloweza kukigeuza chumba cha futi kumi kwa kumi kuwa ukumbi wa mikutano.

Yapo mambo katika ufundi huu yanayostahili sifa. Chumba kitupu humdanganya mtu pia, kwani bila kitanda ndani yake hajui kama kitanda kitaenea, na sauti yake inavyorudi kutoka kutani humtia ubaridi wa moyo. Mwenye nyumba anayepaka rangi nyeupe, anayebadilisha balbu zilizofifia, anayefua mapazia na kuzibua mabomba ya bafuni kabla ya kumwita mgeni, huyo hakumghilibu mtu. Amemheshimu. Hali kadhalika yule anayewapa kazi maseremala wa Gikomba au wa kando ya Barabara ya Ngong badala ya kuagiza vitanda vya mbao za kubandika vinavyovimba vikipata unyevu. Kitanda cha mvule au cha mkangazi, kilichoungwa vyema, kitawazika wapangaji kumi. Nasema hivyo kwa mzaha, lakini mwenye kuhesabu gharama atanielewa.

Balaa huanza pale pambo linapokusudiwa kumfurahisha anayetazama na kumsahau atakayekaa. Juzi nilionyeshwa jiko moja lililopigiwa picha nyingi. Juu ya rafu palikuwa na glasi sita za mvinyo, bakuli la malimau ya plastiki, na kitabu cha mapishi ya Kifaransa kilichofunguliwa ukurasa wa keki. Nilitafuta mwiko sikuuona. Sufuria zilikuwa mbili, ndogo, nyepesi kama karatasi, ambazo ukijaribu kusongea ugali zitazunguka pamoja na unga. Mbuzi ya kukunia nazi haikuwapo, na hapo ni Mombasa. Chumbani kitanda kilikuwa na mito saba ambayo mtu hana pa kuiweka anapotaka kulala, ilhali chandarua, kitu cha kwanza ambacho mkazi wa Pwani angekiulizia kwa sababu ya malaria, kilikuwa kimekunjwa na kufichwa kabatini. Nilipouliza, nikaambiwa chandarua kinaharibu picha.

Hayo ni ya kuchekesha. Yapo yasiyochekesha. Kuna samani zinazokodishwa kwa siku ya maonyesho tu, zikaja kwa gari asubuhi na kuondoka jioni, na mpangaji akilalamika huambiwa kwamba katika mkataba imeandikwa "nyumba yenye vyombo" bila kutajwa ni vyombo vipi. Kuna matangi yanayojazwa kwa maji ya boza siku ambayo mgeni anakuja kutazama, katika mtaa ambao maji ya mfereji hupatikana mara moja kwa wiki. Huku kwetu kisiwani na kandokando yake, maji ya visima vingi yana chumvi. Hayatoi povu la sabuni, huozesha mabomba, na chai yake haina adabu. Mgeni kutoka bara hawezi kuyajua hayo kwa kutazama bomba linalong'aa. Ni lazima aambiwe, na asiyemwambia amemhini.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami katika suala hili nimelala pande zote mbili za kitanda, kwa hivyo ninalo la kuungama.

Marehemu baba alituachia nyumba Bamburi, na sisi ndugu tukakubaliana kuitia samani na kuipangisha, nami nikiwa msimamizi. Tulinunua makochi, friji, feni, vitanda viwili na vyombo vya jikoni. Hatukubania. Lakini ukuta wa chumba cha pili, ule unaopakana na bafu, ulikuwa na ugonjwa wake. Rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, na chini yake ukungu mweusi ukatambaa kutoka sakafuni hadi kimo cha kiuno. Dalali alipokuja kuikagua kazi yetu alisimama mbele ya ukuta huo, akatabasamu.

"Mzee, hili lisikutie shaka," akasema. "Tia rangi mkono mmoja, lisogeze kabati mpaka hapa, na uchome udi kabla mgeni hajafika. Mtu haji kukagua ukuta, yuaja kutazama nyumba."

Nilifanya kama alivyosema. Sitaki kujisingizia kwamba nilishurutishwa. Nilihesabu gharama ya fundi, nikahesabu miezi ambayo nyumba ilikuwa imekaa tupu, nikalisogeza kabati kwa mikono yangu miwili.

Aliyekuja alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Mombasa kutoka bara, mama wa watoto wawili. Aliisifu sebule, akaketi kwenye kochi, akafungua friji. Kisha akauliza, "Mzee, nyumba hii haina unyevu? Huyu wangu mdogo ana pumu."

Nikamjibu, "Mwalimu, Pwani kote kuna unyevu kidogo."

Neno hilo halikuwa uongo, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Uongo wenyewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, mrefu kama kabati.

Baada ya miezi mitatu alinipigia simu Jumapili asubuhi. Hakufoka. Alisema tu, "Mzee, njoo uone." Nilipofika nilimkuta amelivuta kabati katikati ya chumba. Mtoto alikuwa ametoka hospitalini jana yake baada ya kubanwa na kifua usiku, na kitanda chake kilikuwa hatua moja kutoka ukuta ule. Ukungu ulikuwa umepita kimo cha kiuno na kufika kimo cha bega. Akaniuliza swali moja: "Mzee, ulijua?" Mimi si daktari, na siwezi kuapa kwamba ni ukuta uliomwangusha mtoto. Lakini sikuulizwa hivyo. Niliulizwa kama nilijua, nikasema nilijua.

Nilimrudishia amana yote na kodi ya mwezi uliokuwa ukiendelea, naye akahama wiki hiyo. Siku ya kuondoka alinikabidhi karatasi niliyokuwa nimemtia saini siku ya kuingia, ile orodha ya vyombo: vijiko kumi na viwili, sahani kumi na mbili, bilauri nane, pasi moja. Kila kitu kilikuwa kimewekewa alama, wala hapakupungua kijiko. Orodha hiyo niliitunga mimi, kwa uangalifu mkubwa, ili asije akanivunjia bilauri. Haikuwa na mstari hata mmoja unaohusu kuta, maji wala paa.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu naamini hiyo ndiyo kasoro ya mikataba yetu mingi ya nyumba zenye samani. Imeandikwa na upande mmoja kuulinda upande huo huo. Hurefusha hesabu ya vijiko na kunyamazia hali ya nyumba. Mpangaji anapoondoka, doa la chai kwenye kochi hukatwa katika amana yake, lakini ukungu aliouvuta pumzi mwaka mzima hauna bei.

Wenye nyumba nao wana malalamiko yao, na haki haitaki tuyafumbie macho. Wapo wapangaji wanaoliazima pazia likawa kitambaa cha kufutia viatu. Wapo waliohama usiku na televisheni. Isitoshe, mkono wa serikali ni mzito. Kuanzia Januari 2024, kiwango cha ushuru kwa mapato ya nyumba za kuishi kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5 kwa wenye mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, lakini ushuru huo hutozwa juu ya mapato yote yalivyo, bila kupunguzwa gharama. Aliyenunua godoro jipya na yule aliyeligeuza la zamani upande wa pili hutozwa sawa. (Kiswahili chetu, kwa hekima yake, kimeyaita malipo ya mpangaji na madai ya serikali kwa jina moja la kodi, na mwenye nyumba akishikwa katikati huelewa ni kwa nini.) Utaratibu huo ni rahisi kwa mkusanyaji, lakini haumpi motisha yeyote anayetaka kuitengeneza nyumba badala ya kuirembesha.

Na sheria inasemaje kuhusu mpangaji? Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Hayo ni maneno mazito. Lakini sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, iliwekewa kikomo cha shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba inayozidi hapo haimo katika himaya ya baraza lake. Msomaji anitajie nyumba yenye kitanda, friji na makochi, Mombasa au Nairobi, inayopangishwa kwa shilingi 2,500, nami nitahamia humo kesho. Mpangaji wa nyumba yenye samani ameachwa basi na mkataba wake tu, na mkataba wenyewe tumeshaona ulivyo.

Kuhusu madalali, Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inamkataza mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa, na ipo bodi maalumu ya usajili huo. Sote tunawajua madalali wanaokaa chini ya miembe na kwenye vibanda vya simu, wenye funguo nyingi kuliko bawabu wa jela. Ni wangapi kati yao walioulizwa cheti? Sisemi wafukuzwe, kwani wengi ni vijana wanaojitafutia riziki na baadhi yao ni waaminifu kutuzidi sisi wenye nyumba. Nasema wasajiliwe, ili anayeonyesha samani za kukodi awe na kitu cha kupoteza. Mauaji ya wanawake wawili katika nyumba za kukodi za muda mfupi jijini Nairobi, mwezi wa Januari 2024, yaliwafanya wengi waanze kuuliza ni nani anayezisimamia nyumba hizi. Tusingojee msiba mwingine ndipo tuulize tena.

Wakati tukisubiri Bunge na bodi, yapo ambayo mpangaji anaweza kuyafanya pasipo wakili. Asiende kutazama nyumba Jumamosi saa nne asubuhi tu. Arudi siku ya kazi, jioni, baada ya kiza kuingia, ajionee mwanga wa ngazi na asikie kelele za baa iliyo jirani. Afungue mabomba yote kwa pamoja na ayaonje maji. Amuulize bawabu, wala si dalali, boza huja mara ngapi kwa mwezi. Ainue godoro atazame mishono yake. Alisogeze kabati, akikatazwa kulisogeza, amekwisha kujibiwa. Na apige picha zake mwenyewe, kila chumba na kila doa, azitie tarehe, ampe mwenye nyumba nakala, kisha waandike orodha moja inayotaja vijiko na kuta pia, iwekwe saini na pande zote mbili.

Mwenye nyumba naye, kabla ya kununua mto wa saba, alale humo siku mbili. Apike humo, aoge humo, afanye kazi kwenye ile meza aliyoiweka dirishani kwa ajili ya picha aone kama kiti chake kinakalika. Nina hakika ataurudisha mto dukani na kununua mwiko.

Sisi tulimwita fundi baada ya mwalimu kuondoka. Alibomoa lipu ya ukuta ule, akakuta bomba la bafu limepasuka ndani kwa ndani na kuvuja kwa muda asioweza kuukadiria. Kazi yote, pamoja na lipu mpya na rangi, haikufikia nusu ya bei ya makochi tuliyokuwa tumenunua ili yapendeze machoni. Wiki iliyopita yule dalali alinipigia tena. Ana mgeni, mtu wa heshima, anataka kuja kutazama. Nimemwambia amlete jioni, na kabati watalikuta katikati ya chumba.